Kumsaidia Manusura wa Ukatili Anayetoka Jamii Iliyotengwa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa yeyote anayepokea manusura: mshauri nasaha, muuguzi, afisa ustawi wa jamii, anayejitolea kwenye simu ya msaada, msimamizi wa nyumba salama, au mtu anayeaminika mtaani ambaye wenzake humkimbilia wakiwa na shida.

Mkimbizi, mhamiaji asiye na hati, mtu mwenye ulemavu, mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, mtu wa kabila au dini ya wachache: hawa hawamwogopi mtesi peke yake. Wanaogopa polisi, wanaogopa hospitali, wanaogopa maneno ya watu. Wanajua wakifungua mdomo, jamii yao ambayo tayari inasemwa vibaya itasemwa vibaya zaidi. Wanajua wakitoka kwenye ile nyumba, wanatoka pia kwenye lugha yao, ibada yao na watu pekee waliowahi kuwashika mkono. Huduma ikimlazimisha manusura achague kati ya usalama wake na watu wake, wengi watarudi kwa watu wao, hata kama kurudi huko ni kurudi kwenye kipigo. Kazi yetu ni kutengeneza njia isiyomdai achague.

Mwaka 1991 mwanasheria wa Marekani Kimberlé Crenshaw alieleza kisa cha mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini aliyekimbia na mwanawe kijana kwa sababu mume alitishia kuwaua wote wawili. Nyumba salama ilimkataa kwa kuwa hakuweza kuthibitisha kwamba anajua Kiingereza. Mwanawe alijitolea kumtafsiria, wakakataa hilo pia. Sababu waliyotoa ni kwamba asingeweza kushiriki vikao vya kikundi. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Kanuni ya nyumba iliandikwa na watu waliofikiria manusura wa aina moja tu, na yeye hakuwa wa aina hiyo. Ukisoma hatua zinazofuata, zisome huku ukijiuliza kanuni za ofisi yako ziliandikwa zikimfikiria nani.

Hatua ya 1: Jiandae kabla hajafika

Maandalizi haya hayafanyiki manusura akiwa ameketi mbele yako analia.

Kwanza, jua sheria ya mahali ulipo kuhusu mambo matatu: ni lini unalazimika kisheria kutoa taarifa (mara nyingi inapomhusu mtoto, na baadhi ya nchi hata mtu mzima), nani anaweza kudai kuona kumbukumbu zako, na kama polisi au hospitali hupeleka taarifa za wahamiaji kwa idara ya uhamiaji. Hili la tatu ndilo linaloamua kama mtu asiye na hati atasema kweli au atanyamaza. Usimpe jibu la kubahatisha. Mtafute mwanasheria wa uhamiaji mapema, umuulize, uandike alichosema.

Pili, tengeneza orodha ya rufaa, yaani ya mahali utakapompeleka kwa msaada zaidi, kisha uihakiki kwa macho yako. Je, kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Nyumba salama inapokea mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 15? Inapokea mwanamume? Inamruhusu mtu kusali, kuvaa na kula anavyotakiwa na dini yake? Kumpeleka manusura mahali atakapokataliwa ni kumuumiza upya, na safari hii wewe ndiye uliyemshika mkono ukampeleka.

Tatu, wajue watu wa ndani ya jamii unazohudumia. Kila jamii, hata iliyojifunga vipi, ina watu ambao kwa miaka wamekuwa wakiwaficha na kuwasindikiza waliopigwa, bila cheo wala mshahara. Watafute, na uende kwao kujifunza. Ukienda kuwafundisha tu, watakupokea kwa heshima na hawatakuletea mtu hata mmoja.

Hatua ya 2: Mazungumzo ya kwanza

Ongea naye akiwa peke yake. Aliyemleta, awe mume, mama mkwe, mwajiri au mlezi, abaki nje hata akisema ni mkalimani wake. Tafuta sababu ya kawaida ya kituo: vipimo hufanywa mtu akiwa peke yake, fomu hujazwa na mhusika mwenyewe. Ukionyesha kwamba unamshuku, atakayelipa ni manusura wakirudi nyumbani.

Kama ni simu, anza na swali la ndiyo au hapana: uko mahali unapoweza kuongea? Kubalianeni neno atakalosema mtu akiingia, na mtakachojifanya mlikuwa mnazungumza. Usitume ujumbe wala usipige bila kujua nani mwingine hushika simu hiyo.

Kabla hajasimulia chochote, mweleze mipaka ya usiri kwa lugha nyepesi: nini kitabaki hapa, na nini utalazimika kukitoa nje. Wapo wanaoogopa kwamba maelezo haya yatamfunga mtu mdomo. Mimi naona kinachovunja imani ni kumwacha aseme, halafu agundue baadaye kwamba kuna mlango uliokuwa wazi nyuma yake.

Hatua ya 3: Mkalimani

Hapa ndipo huduma nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto wa manusura asitumike kabisa kutafsiri. Ndugu, jirani na mtu aliyekuja naye nao wasitumike, hata kama mkalimani wa kulipwa atachelewa. Ukiwa kwenye dharura ya kuokoa maisha, tumia mtu yeyote kujua kama yuko hatarini sasa hivi na anahitaji daktari, basi. Yaliyobaki yasubiri.

Jamii ikiwa ndogo, mkalimani mwenye cheti anaweza kuwa binamu wa mtesi. Ndiyo maana mkalimani wa simu kutoka mji mwingine mara nyingi ni salama kuliko aliyeketi chumbani. Usimtajie jina la manusura. Kabla ya kuanza, muulize manusura mambo manne: lahaja gani, mwanamke au mwanamume, kuna upande wa kabila au wa vita asioutaka, na kama sauti anayoisikia ni ya mtu anayemfahamu. Mwambie anaweza kumkataa mkalimani wakati wowote bila kutoa sababu, na mpangie ishara ya mkono ya kufanya hivyo.

Zungumza na mkalimani dakika chache kabla. Mwambie mada ni nini, ili asishtuke. Mwombe aseme kwa nafsi ya kwanza, kama manusura anavyosema, na asilainishe. Wakalimani wengi, kwa adabu au kwa uchungu wao wenyewe, hugeuza ubakaji kuwa “alimsumbua” na matusi kuwa “alimsema”. Kwa manusura huko ni kupoteza ushahidi, na wakati mwingine ni kupoteza kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi. Mwambie pia asiongeze ushauri wake, na asimwambie manusura avumilie. Wewe mtazame manusura unapouliza, na sentensi zako ziwe fupi.

Kwa manusura kiziwi, karatasi na kalamu hazitoshi. Lugha ya alama ina sarufi yake, na wengi walionyimwa shule hawasomi vizuri maandishi ya lugha inayosemwa. Kama hakujifunza lugha ya alama rasmi, anatumia ishara za nyumbani, na hapo utahitaji mkalimani ambaye naye ni kiziwi afanye kazi sambamba na mkalimani anayesikia. Chumba kiwe na mwanga, na mlango au dirisha lisiruhusu mtu wa nje kuona mikono.

Hatua ya 4: Sikiliza, kisha uulize kuhusu ulimwengu wake

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa msaada wa mwanzo wenye kazi tano: kusikiliza, kuuliza mahitaji na hofu zake, kumthibitishia kwamba anaaminiwa, kuimarisha usalama wake, na kumuunganisha na msaada zaidi. Mfuatano huo unafaa popote. Usimkamue mtu asimulie kila kitu. Kumlazimisha kupitia tukio zima mara baada ya kuumizwa hakumsaidii kupona.

Maneno machache yanatosha: “Nakuamini. Hili halikuwa kosa lako. Tutaenda kwa mwendo wako.” Epuka “kwa nini hukuondoka?” Epuka pia “kwenu ndivyo wanaume walivyo?”, hata kama unaisema kwa huruma. Swali hilo linamtaka aihukumu jamii yake nzima ndipo apate msaada wako, na wengi hapo hapo hufunga mdomo kuilinda.

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kuhusu unyenyekevu wa kitamaduni: mtoa huduma asidhani amehitimu utamaduni wa mtu kwa kuhudhuria semina, bali abaki mwanafunzi wa mtu aliye mbele yake. Naikubali hoja hiyo kwa moyo wote. Watu wawili wa dini moja na kijiji kimoja wanaweza kutofautiana kabisa juu ya ndoa, siri na msamaha. Kwa hiyo uliza:

- Ungependa nikuite nani, na nizungumze nawe vipi?
- Nani anajua? Nani asijue kamwe?
- Mambo kama haya yakitokea, watu wako kwa kawaida huenda kwa nani? Wewe unamwamini?
- Ukiondoka, utapoteza nini? Ukibaki?
- Kuna ibada, desturi au mtu anayekupa nguvu ambaye tusimwache nje?
- Ukitazama mbele, mambo yakiwa mazuri yanaonekanaje?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Andika anachokijibu neno kwa neno, kwa sababu mpango wa usalama utajengwa juu yake. Akisema atapoteza kaburi la mama yake, usimwambie hilo ni dogo.

Kuheshimu utamaduni hakumaanishi kuuachia utamaduni ubebe lawama au utoe udhuru. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, ambao ni mkataba wa Baraza la Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, katika kifungu cha 42, unakataa mila, dini au kinachoitwa heshima ya familia kuwa sababu ya kuhalalisha ukatili. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wanawake, kifungu cha 17, nayo inampa mwanamke haki ya kuishi katika mazingira chanya ya kitamaduni na kushiriki kuamua sera za utamaduni. Viweke pamoja vifungu hivyo viwili: mila haimpi mtesi ruhusa, na mila ni mali ya manusura pia. Anayesema “sisi ndivyo tulivyo” akiwa ameinua fimbo hasemi kwa niaba ya wote.

Hatua ya 5: Pima hatari, mpange usalama

Mwongozo ule ule wa 2014 unataja maswali sita kwa aliyeumizwa na mwenzi wake. Je, kipigo kimezidi au kimekuwa kikali zaidi katika miezi sita iliyopita? Amewahi kutumia au kukutishia kwa silaha? Amewahi kukukaba koo? Unaamini anaweza kukuua? Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokwisha? Ndiyo tatu au zaidi ni ishara ya hatari kubwa ya karibu. Kukabwa koo usikupuuze hata kama hakuna alama shingoni: madhara ya ndani yanaweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye, kwa hiyo sauti ya kukwaruza, shida ya kumeza, kuzirai au kujikojolea wakati wa tukio vinataka daktari leo.

Maswali hayo yana upungufu kwa watu wetu, maana yanadhani mtesi ni mmoja. Pale ukoo mzima unapohusika, ongeza: nani mwingine anakutafuta? Nani aliyeagiza? Kuna ndugu au rafiki aliyewahi kudhuriwa kwa jambo kama hili? Kuna mpango wa kukusafirisha au kukuozesha? Nani ameshika pasipoti na hati zako? Kwa mtu mwenye ulemavu: nani anashika dawa zako, kiti chako, kifaa chako cha kusikia, simu yako? Kumwondolea mtu miguu yake ya kutembelea ni ukatili hata kama hakupigwa kofi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 16, unazitaka nchi kuwalinda dhidi ya ukatili na unyonyaji, ndani na nje ya nyumba.

Mpango wa usalama wa kawaida husema: weka begi tayari, nenda kwa ndugu, piga polisi. Kwa manusura wako, huenda ndugu ndio wanaomsaka, na polisi ndio aliowakimbia nchini kwake. Pangeni upya pamoja naye. Begi lake litaweka nakala za hati za ukaaji, dawa za mwezi mzima, betri za kifaa, kitabu cha ibada. Mahali pa kukimbilia huenda ni kwa mtu asiyemjua ndugu yeyote. Usafiri wa kiti cha magurudumu haupatikani usiku wa manane bila kupangwa, basi upangwe.

Mwambie waziwazi kwamba wakati wa kuondoka na majuma yanayofuata mara nyingi ndio wa hatari kubwa kuliko yote. Na akichagua kubaki kwa sasa, mpange usalama akiwa humo humo: chumba chenye mlango wa pili, jirani mwenye ishara ya kuita msaada, nakala za hati zilizofichwa nje. Kubaki kwake si sababu ya wewe kufunga jalada.

Hatua ya 6: Matibabu yenye saa

Kama kuna ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa za PEP za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na zinywewe siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku ya tano, na ubora wake hupungua kadiri muda unavyopita. Kuna pia chanjo ya homa ya ini aina ya B na dawa za magonjwa ya zinaa. Pale sheria inaporuhusu, anaweza kutibiwa bila kushtaki. Mweleze hilo mapema, maana wengi hukaa nyumbani wakidhani hospitali ni mlango wa polisi.

Uchunguzi wa mwili ni ridhaa yake, kipande kwa kipande. Anaweza kukubali damu akakataa picha. Muulize anataka daktari wa jinsia gani, nani awepo, na sehemu gani ya mwili isifunuliwe isipokuwa lazima. Akitaka ushahidi uhifadhiwe, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki huleta unyevu. Akiwa ameshaoga, bado aende.

Hatua ya 7: Sheria, hati na wazee

Mtesi wa mhamiaji hupenda tishio moja: “Ukisema, utarudishwa kwenu.” Mara nyingi ni uongo, au ni nusu ya ukweli. Nchi kadhaa zina njia ya ukaaji kwa waliofanyiwa ukatili. Marekani, kwa mfano, sheria ya 1994 iliruhusu baadhi ya wenzi walioumizwa kuomba ukaaji wenyewe bila mume au mke kuwadhamini, na sheria ya 2000 ikaleta viza ya aina ya U kwa wahanga wa uhalifu fulani wanaoshirikiana na vyombo vya sheria. Mkataba wa Istanbul una kifungu cha 59 juu ya jambo hili hili. Usitoe ahadi, mpeleke kwa mwanasheria kabla hajasaini chochote au kurudi mpakani.

Sasa wazee, viongozi wa dini na mabaraza ya ukoo. Wapo waliowaokoa watu wengi kuliko ofisi yoyote, na wapo waliomrudisha mwanamke kwa mtesi na kumwita mke mwema. Usiwaite bila ridhaa ya manusura, hata kwa nia njema. Akitaka wahusishwe, mchague pamoja mtu mmoja, mpime kwanza kwa mazungumzo yasiyotaja kisa chake, kisha muweke masharti: hakuna kikao cha kumkutanisha uso kwa uso na mtesi, hakuna faini inayolipwa kwa ukoo badala ya usalama wake, na akikataa msamaha aheshimiwe. Usuluhishi unadai pande mbili zenye nguvu sawa, na mbele ya mtu anayemwogopa, manusura hana nguvu hiyo. Kifungu cha 48 cha Istanbul kinazuia usuluhishi wa lazima katika kesi za aina hii kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Wanaosahaulika

Mwanamume aliyebakwa vitani au gerezani huja akilalamika mgongo au usingizi. Muulize faragha, kwa upole, bila kumwambia kwamba ni nadra. Mzee anayenyang'anywa pesa na wanawe hujiita mzigo kabla hujasema neno. Mtu mwenye ulemavu wa akili aulizwe mwenyewe, kwa picha na sentensi fupi, na muda umngoje. Mfanyakazi wa nyumbani akiacha kazi hupoteza kitanda siku hiyo hiyo, hivyo makazi yatangulie malalamiko.

Hatua ya 9: Ufuatiliaji, na ofisi yako

Kubalianeni lini na kwa njia gani utamtafuta, na utasema nini akipokea mtu mwingine. Rufaa isiwe karatasi tu. Piga simu ukiwa naye, mtaje mtu atakayempokea, msindikize mara ya kwanza ukiweza. Asimulie kisa chake mara chache kadiri inavyowezekana: kwa ridhaa yake, tuma muhtasari mbele.

Akirudi kwa mtesi, maneno yako yawe: “Mlango uko wazi, siku yoyote.” Hukumu yako ikimfuata nyumbani, hatarudi kukuona.

Wafanyakazi wanaotoka jamii ile ile hubeba mzigo mara mbili, kwani hukutana na familia ya mtesi sokoni na kwenye ibada. Wasipewe kesi zote za “watu wao”. Wapewe msimamizi wa kuzungumza naye kila wiki na haki ya kukataa kesi ya mtu wanayemfahamu.

Halafu, kila baada ya miezi michache, tazama ni nani hawaji kabisa. Ukiona jamii fulani inaishi jirani na jina lake halimo kwenye daftari, usihitimishe kwamba kwao hakuna ukatili. Waite manusura waliopona wanaotaka kushauri, wakae na kanuni zenu mezani, wazipitie mstari kwa mstari, na uwalipe kwa muda wao kama unavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote.